Shangazi, mke wangu amechoka, na mimi kuchora siwezi kuacha

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mchoraji, nakaa Mwanga hapa Kigoma mjini. Nina miaka 31, nina mke na watoto wawili, mkubwa yuko darasa la pili. Kazi nilifundishwa na mzee mmoja wa Ujiji aliyekuwa akiandika vibao vya maduka na majina ya boti. Ndiye aliyenionyesha namna ya kuegemeza kiganja kwenye fimbo ili mkono usitetemeke, na ndiye aliyenikataza kutumia rula kwenye herufi ndogo, akisema jicho likishazoea rula halipimi tena. Alipofariki niliendelea mwenyewe.

Kwa miaka kadhaa kazi ilitosha. Saluni, vinyozi, maduka ya dawa, mitumbwi ya Kibirizi na Katonga, wote walikuja kwangu. Siku hizi kibao cha duka kinachapishwa kwa mashine nusu siku, kinatoka na picha ya mwenye duka akitabasamu, na mteja hana haja ya kusubiri rangi ikauke. Waliobaki kwangu ni wenye kuta, wenye boti, na wale wanaotaka bei ya ushikaji. Kibao cha saluni natoza 35,000, vifaa vyangu. Nikishanunua bodi, rangi, tina na msasa nabaki na kama 9,000, na kazi yenyewe inakula siku mbili.

Lakini hilo si ndilo hasa lililonifanya nikuandikie. Mbali na vibao, mimi nachora picha. Nachora akina mama wa Kibirizi wanavyoanika dagaa asubuhi, nachora wakamuaji wa mawese, miembe ya Ujiji, abiria waliolala stesheni juu ya mizigo wakisubiri treni. Nikiwa kwenye picha hizo sisikii njaa wala simu. Mwaka juzi mgeni mmoja aliyekuwa anaelekea hifadhi ya sokwe ya Gombe alinikuta nachora pale Kibirizi, akanunua moja kwa shilingi 200,000 bila hata kuomba nipunguze. Tangu siku hiyo nimeziwekea zote bei hiyo, na tangu siku hiyo hajatokea mnunuzi mwingine. Zimeegemea ukuta wa chumba wanacholala watoto.

Mke wangu anafanya biashara ya dagaa. Ananunua wabichi, anaanika, anapeleka Kasulu au anawapakia kwenye treni. Alinikopesha 120,000 kutoka kwenye mtaji wake ninunue hadibodi na rangi, nikamwahidi nitarudisha nikiuza. Sijauza. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi hawatoki, naye anakosa cha kuanika, basi tunakula mtaji. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, tuliyumba sana, na mtaji wake haujarudi ulivyokuwa. Juzi usiku, watoto wakiwa wamelala, aliniambia taratibu: "Sikukatazi kuchora. Ila niambie ni lini." Shangazi, nilikosa jibu.

Sasa nimeletewa mambo mawili kwa wakati mmoja. Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, ana duka la vifaa vya ujenzi. Ananiita nikauze dukani, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, siku sita kwa wiki, 220,000 kwa mwezi. Naogopa nikiingia humo mkono utakufa. La pili, kuna mwenye duka la vitu vya watalii anataka picha 30 za sokwe, zote zinazofanana, 15,000 kila moja. Turubai la kuchorea ataleta yeye, rangi ni yangu. Amesema nisiandike jina langu. Anataka jibu Jumamosi. Rafiki zangu wachoraji wananiambia nikikubali sokwe nimejiuza, na kaka yangu ananiambia nikikataa mimi ni mwendawazimu.

Naomba ushauri wako, Shangazi. Nichague lipi?

Mchoraji wa Mwanga, Kigoma

Marahaba, mwanangu. Mwakeye, kwa salamu ya kwenu.

Nitaanza na mkeo, kwa sababu katika barua yako yote yeye ndiye aliyesema jambo la maana kuliko shemeji, mwenye duka na rafiki zako wote. Mwanamke aliyechoka na kazi ya mumewe humwambia aache. Yeye anataka kujua ni lini. Maana yake bado anaamini kuna siku itafika, ila hiyo siku hajawahi kutajiwa. Wewe umempa ahadi ya "nikiuza", na hiyo haina tarehe. Mtu anayenunua dagaa wabichi asubuhi anajua jioni watakuwa wamekauka kiasi gani na treni inaondoka siku gani. Biashara yake yote ina tarehe, isipokuwa zile 120,000 zilizoingia kwenye hadibodi.

Kwa hiyo mambo yote nitakayokuandikia hapa yapimie swali lake. Kazi yoyote utakayoichukua, bei yoyote utakayoitaja, jiulize kama inakusaidia kumjibu ni lini.

Tuje kwenye vibao. Unafanya kazi siku mbili unabaki na 9,000. Hiyo ni 4,500 kwa siku, kwa mtu mwenye ufundi wa miaka. Kibarua anayechanganya zege hapo Mwanga hakubali hiyo. Unalaumu mashine za kuchapisha, na ni kweli zimekunyang'anya wateja, lakini hata kama wateja wote wangerudi kesho, kwa bei hiyo ungebaki pale pale ulipo, umechoka zaidi tu. Wachoraji wengi nawaona hivyo: kwa picha wanazozipenda wanataja bei ya ndoto, na kwa kazi ya mkate wanataja bei ya aibu, kisha wanashangaa kwa nini nyumba haina chakula.

Andika kwenye daftari. Kwanza vifaa, kila kitu, hata msasa na nauli ya kwenda kuvinunua. Halafu siku zako, kila siku kwa ujira wa fundi wa mji huo, yaani ule ambao fundi mwashi mzuri anaupata. Kisha ongeza kidogo kwa ajili ya brashi zinazochakaa. Ikitoka 60,000, ndiyo bei. Anayetaka kibao cha 35,000 mwelekeze kwa wanaochapisha, kwa moyo safi kabisa, kwa sababu kwao ndiko atakakopata anachokitaka. Wewe baki na vile ambavyo mashine haiwezi: ukuta wa shule, ubavu wa boti, mlango wa bati, herufi zitakazopigwa na jua na mvua. Karatasi ya plastiki ya mabango ikining'inia juani inapauka upesi. Rangi ya mafuta iliyopakwa vizuri juu ya bati lililopigwa msasa na kupakwa rangi ya msingi inakaa. Mwambie mteja hivyo, na umwonyeshe kibao chako cha zamani ambacho bado kinasomeka. Na usiguse brashi kabla hajakupa kianzio kinacholipa vifaa vyote. Mshikaji wa kweli hawezi kuona vibaya kukununulia rangi ya kibao chake mwenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo wewe uliyeizoea Kibirizi unalijua kuliko mimi, ila hujalitumia. Dagaa wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukijaa, taa hazivuti samaki, boti zinapumzika ufukweni. Kwa mkeo hizo ni siku za njaa. Kwako zingekuwa siku za kazi, kwa sababu boti iliyo mchangani ndiyo inayozibwa, inayokwanguliwa na kuandikwa jina upya. Pita kwa wenye boti wakati giza bado lipo na mifuko ina pesa, chukua kianzio wakati huo, kisha fanya kazi mbalamwezi ikiingia. Hapo pengo la mkeo na msimu wako vinakutana katika wiki ile ile ya mwezi. Siahidi kwamba kila mwenye boti atakubali. Lakini hata boti mbili kila mbalamwezi zitawasaidia msiguse mtaji.

Na Desemba usilale. Shule za awali za watu binafsi zinataka kuta zenye herufi, namba, matunda na wanyama kabla watoto hawajafika Januari. Anza kuwaendea wenye shule Oktoba, ukiwa na michoro midogo kwenye karatasi waone utawachorea nini. Mtoto wa miaka minne anayejifunza herufi kwa kutazama samaki wa mgebuka aliyechorwa kwa rangi ukutani ameonyeshwa kitu cha kwao, na wewe umelipwa.

Sasa shemeji. Najua hukutaka nikwambie hivi, lakini ichukue ile kazi.

Unaogopa mkono utakufa. Nakuelewa, na hofu hiyo siidharau, kwa sababu nimewaona watu walioweka brashi chini "kwa muda" na hawakuishika tena. Lakini tazama saa zako. Wewe unachora akina mama wa Kibirizi asubuhi, boti zinaporudi na dagaa wanapomwagwa kwenye vichanja. Huko kwenu mnakaa magharibi kabisa ya nchi. Saa kumi na mbili na nusu mwanga unaingia, duka linafunguliwa saa mbili. Kile unachotamani kukichora kinatokea na kumalizika kabla shemeji hajafungua kufuli. Na jioni jua la Kigoma linachelewa kuzama kuliko la Dar es Salaam, kwa hiyo ukifunga duka saa kumi na mbili bado una mwanga kidogo wa kumalizia mstari. Asubuhi nenda na penseli na daftari, bila rangi. Chora mikono, migongo, jinsi kanga inavyofungwa mtu anapoinama, jinsi kivuli cha kichanja kinavyolala mchangani. Jumapili, ukiwa na michoro ya wiki nzima mbele yako, ndipo ufungue rangi. Nina hakika picha zako zitakuwa bora kuliko sasa, maana utakuwa umetazama sana kabla ya kupaka.

Tena, duka lenyewe ni la vifaa vya ujenzi. Kila anayejenga nyumba, anayekarabati hoteli, anayefungua zahanati, atasimama mbele yako akiulizia rangi. Utajua nani ana ukuta mpya hata kabla hajapata fundi. Mwombe shemeji akuuzie rangi kwa bei aliyonunulia yeye, na umwombe makopo yaliyobonyea ambayo wateja hawayataki. Mwombe pia, kwa heshima na mkeo akiwepo, akupe ruhusa ya siku chache kila mbalamwezi kwa ajili ya boti, ukatwe mshahara wa siku hizo. Akikataa, nenda hivyo hivyo kwa mwaka mmoja, boti uzifanye Jumapili. Sikwambii uingie dukani kwa maisha yote. Nakwambia uingie kwa mwaka mmoja wenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kukaa chini na mkeo mkaangalia upya. Hilo ndilo jibu lake la kwanza.

Kuhusu wachoraji rafiki zako wanaosema msanii wa kweli hafanyi kazi nyingine, waulize wanamjua nani katika nchi hii aliyeanza hivyo. Mchoraji Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, Kilimanjaro, mwaka 1923, alikuwa mwalimu Makerere, na baada ya uhuru akawa mwakilishi wa nchi yetu London. Ofisi ya ubalozi ni kazi ya kutwa. Picha zake zinazojulikana zaidi ni za kijijini kwao: watu wakifanya kazi pamoja mlimani, migomba, wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Hiyo ya pombe ya bibi harusi aliichora 1956, na leo imo katika jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York. George Lilanga, yule aliyechora mashetani wa Kimakonde wenye masikio makubwa, alipofika Dar es Salaam aliingia Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii, akiwa mlinzi. Na Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alikuwa amepita vibarua vya kila namna kabla ya kuanza kuchora mwaka 1968, na alichora kwa alichokuwa nacho: hadibodi na rangi ya kupakia baiskeli. Mkono wa hao haukufa.

Tingatinga namtaja tena kwa sababu ya sokwe wako. Yeye alichora wanyama na ndege akawauzia wageni kule Oysterbay, Dar es Salaam, na wala hakuona haya. Alifariki 1972, kazi yake ya uchoraji haikufika hata miaka mitano, lakini waliojifunza kwake waliendelea, wakaunda ushirika wao mwaka 1990, na familia ngapi zimelishwa na ule mtindo. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kuchora mnyama kwa ajili ya mtalii ni kujiuza. Ninachokikataa mimi katika ile oda ni mambo mengine matatu, na nitayataja mwishoni, nikifika kwenye jibu la Jumamosi.

Kabla ya hapo, zile picha zilizoegemea ukuta. Kwanza zitoe chumbani kwa watoto leo hii, pamoja na kopo la tina. Mvuke wa tina na wa rangi ya mafuta si kitu cha mtoto kuvuta usiku kucha. Omba kona ya stoo dukani kwa shemeji, au jenga kibanda cha turubai nyuma ya nyumba chenye kupitisha hewa.

Halafu bei. Mtu mmoja alilipa 200,000 siku moja. Nafurahi alilipa, na picha ilistahili. Lakini mnunuzi mmoja aliyepita njia hakuwekei bei ya soko. Kubwa ziache kwenye bei hiyo kama unaona zinaistahili, usizishushe kwa hofu. Ila chora na ndogo. Hadibodi moja unaweza kuikata vipande vingi vya ukubwa wa daftari, na kwenye kila kipande ukaweka kitu kimoja tu: beseni la dagaa, chikichi zilizoiva, mwembe mmoja, pua ya boti yenye jina. Za 25,000 au 30,000, ambazo mwalimu, nesi, karani wa bandari anaweza kununua akamzawadia anayeoa. Umekuwa ukimsubiri mgeni wa Gombe, na hujawahi kumwekea mtu wa Kigoma picha anayoweza kuinunua. Wapo pia wanaotaka sura ya baba yao marehemu itoke kwenye kile kipicha cha kitambulisho iwe kubwa ya kuning'iniza sebuleni. Hiyo ni kazi ya heshima, na inakufundisha kuchora uso kuliko zoezi lolote.

Utasikia pia habari za mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Inatolewa kwa vikundi. Usiikimbilie kwa ajili ya picha, kwa sababu picha hujui itauzwa mwezi gani na mkopo una siku zake za marejesho. Lakini mwambie mkeo na wenzake wanaoanika dagaa wakaulize kwa afisa maendeleo ya jamii. Biashara yao inazunguka haraka, na wao ndio watakaoweza kurejesha.

Na deni lake. Kutoka kwenye mshahara wa kwanza wa shemeji, mpe 40,000 mkononi. Wa pili, 40,000. Wa tatu, 40,000. Usimwambie "nikipata". Mtajie miezi. Mpaka hapo, rangi ya picha zako itoke kwenye faida ya vibao na boti tu, isitoke kwenye dagaa wala kwenye ada. Baada ya hapo kaeni chini mkubaliane kiasi cha kila mwezi ambacho ni cha kuchorea, hata kikiwa 15,000, na kiwe halali yako, usilazimike kukiombea radhi. Mwenye nyumba akijua kiasi na siku, hana sababu ya kuhesabu brashi zako.

Haya, Jumamosi. Mwenye duka la vitu vya watalii anasubiri.

Mwambie unakubali kuchora sokwe. Halafu mweleze masharti yako. Hutaanza na 30, utaanza na 10, na hizo 10 zikiuzika mtaendelea. Nusu ya pesa mbele. Rangi ikiwa yako, bei haiwezi kubaki 15,000. Ama alete na rangi, ama apandishe. Piga hesabu ile ile ya kibao uone inafika ngapi. Kwa mkono wako kazi hii utaipunguzia muda ukizipanga zote 10 sambamba: siku ya kwanza unapaka rangi ya nyuma zote, unaziacha zikauke kabisa, siku nyingine majani yote, kisha miili, kisha macho mwishoni, badala ya kuanza na kumaliza moja moja huku ukisafisha brashi kila saa.

La jina usilegee. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakupa haki ya kutambuliwa kuwa ndiye uliyeifanya kazi yako, na hakimiliki inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya wewe kuondoka, yaani hata watoto hao wawili wataikuta. Kumuuzia picha hakumpi ruhusa ya kuichapa kwenye fulana na vikombe. Akitaka hivyo, ni mazungumzo mengine na malipo mengine, na yaandikwe. Kazi zako unaweza kuzisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Anayekuomba usiandike jina anataka kesho ampe mwingine achore zile zile na asiulizwe na mtu. Jina liwe dogo, liwe kwenye kona, lakini liwepo. Akisema hataki picha yenye jina, basi hapana, na hutakuwa umepoteza kitu, kwa sababu mshahara wa shemeji utakuwa umeshaanza.

Na zisifanane. Huyo sokwe wa kukaa akitazama mbele anapatikana kila duka. Nauli ya boti za abiria za kutoka Kibirizi kwenda vijiji vya kaskazini kama Mwamgongo unaimudu, zinapita Gombe, na kiingilio cha Mtanzania ni kidogo sana kuliko cha mgeni. Nenda siku moja na daftari lako. Mwaka 1960 mtafiti wa sokwe Jane Goodall alimwona pale sokwe akiingiza kijiti kwenye kichuguu na kukitoa kimejaa mchwa akala, na dunia ikageuka kuitazama Gombe kwa sababu hiyo. Mchore huyo wa kwenye kichuguu, mchore mama na mtoto mgongoni, mchore wanaotazama ziwa kutoka juu ya mabonde. Mtalii aliyetoka kuwaona kwa macho yake atajua mara moja kwamba aliyechora naye alifika.

Mwenye duka akikubali, hiyo nusu ya kwanza utakayoipokea Jumamosi nunua rangi ya picha 10 tu, na chenji aipokee mkeo.

Shangazi